Madaftari Mawili ya Ujiji

Mwalimu mwanafunzi atakayefundisha kompyuta atakutana na hitilafu inayosumbua kuliko nyingine. Programu inafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Leo inakosea; kesho, kwa maagizo yale yale, haikosei. Kosa halimo katika agizo moja, bali katika mfuatano wa matukio. Namna ya kulitafuta twaweza kujifunza katika maisha ya mtu ambaye kumbukumbu yake ipo Ujiji.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskochi, mwaka 1813. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akasoma kwa taabu hata akawa daktari na mmisionari. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Mwaka 1869 aliingia Ujiji akiwa mgonjwa sana, huku akitafuta chanzo cha Mto Nile.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba. Daftari la Livingstone laonyesha mwisho wa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani, na katika homa siku hupotea. Kulikubali daftari moja na kulitupa la pili hakufai. Yapasa kushika tukio walilolishuhudia wote, yaani kukutana kwao, kisha kuyapanga mengine kabla na baada yake. Sehemu mbili za programu zenye saa zisizolingana hupatanishwa vivyo hivyo.

Baadaye walisafiri kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Je, Mto Rusizi huingia ziwani au hutoka? Kama ungetoka, huenda ziwa lingekuwa chanzo cha Nile. Waliona kwa macho yao maji yakiingia. Dhana hiyo ikaisha.

Dhana ya pili haikupata jaribio. Livingstone alitumaini kwamba Mto Lualaba, magharibi ya ziwa, ndio Nile. Huko Nyangwe alikosa mitumbwi ya kuufuata. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa bado anatafuta. Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake hadi pwani. Mwaka 1877 safari ya Stanley ilithibitisha kwamba Lualaba ni Mto Kongo.

Darasani, andika 5 ubaoni. Waagize wanafunzi wawili wasome namba hiyo, warudi kwenye madawati, waongeze 1, kisha kila mmoja aje kuandika jibu lake. Wakisoma wote kabla ya yeyote kuandika, ubao utaonyesha 6 badala ya 7. Kila mmoja aandike daftarini alichofanya na lini. Darasa lilinganishe madaftari hayo mpaka lione kosa lilipoingia. Kisha toa chaki moja, na mwenye chaki pekee ndiye asome na kuandika. Rudieni zoezi. Dhana isiyojaribiwa, hata ya mtu hodari, hubaki dhana.