Louis Leakey na Uzi Mfukoni: Mchezo na Udadisi katika Umri wa Uzee

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Kajiado ana njia mbili kuu. Ya kwanza hupitia Kitengela, ikaendelea hadi Isinya, mji wa Kajiado na hatimaye Namanga kwenye mpaka wa Tanzania. Hii ndiyo njia ijulikanayo na wengi, hasa kwa sababu Kitengela, iliyokuwa mbuga ya malisho na mapito ya wanyamapori, imegeuka kuwa mji wenye pilikapilika nyingi. Njia ya pili hupitia Ongata Rongai na Kiserian, kisha huteremka kwenye joto la Bonde la Ufa kuelekea Magadi. Kiasi cha kilomita 65 kutoka Nairobi, kando ya njia hii ya pili, ipo Olorgesailie. Hapo, chini ya mlima wenye jina hilohilo, yametapakaa mashoka ya mawe yaliyochongwa na viumbe wa jamii ya binadamu mamia ya maelfu ya miaka iliyopita.

Jina la Louis Seymour Bazett Leakey haliwezi kutenganishwa na mahali hapo. Wasomi wengi wanamjua kama mwanaakiolojia na mtafiti wa visukuku. Wachache ndio wanaomjua kama mtu aliyecheza maisha yake yote. Katika jamii zetu, mchezo aghalabu huhesabiwa kuwa mali ya watoto, na mtu mzima achezaye huonekana kama aliyesahau umri wake. Hata hivyo, wazee wa Kimaasai wa Kajiado huketi chini ya mti wakacheza enkeshui kwa saa nyingi, nao wazee wa pwani hukaa barazani kwa bao la kete, na hakuna awaitaye watoto. Makala haya yanasimulia maisha ya Leakey kwa kuufuata uraibu wake, yakionyesha jinsi mchezo ulivyoufanya udadisi wake udumu hadi uzeeni, na jinsi udadisi huo ulivyompotosha pale alipoisahau kanuni ya mchezo.

Utoto wa Kabete

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, katika kituo cha wamisionari wa Kianglikana. Wazazi wake walikuwa Waingereza, lakini wenzake wa kucheza walikuwa watoto wa Kikuyu. Alijua Kikuyu tangu utotoni, akapitia jando pamoja na wenzake wa rika, akajifunza mbinu za kuwanyemelea wanyama porini bila kuwashtua. Mtoto huyu alipenda ndege, na kwa muda alidhani kwamba angekuwa mtaalamu wa ndege.

Mkondo wa maisha yake ulibadilishwa na zawadi. Akiwa bado kijana mdogo, alitumiwa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kilichosimulia maisha ya watu wa Zama za Mawe. Alipokimaliza alianza kuokota mawe kila alikopita. Vipande vingi alivyookota vilikuwa vya kioo cha volkano, ilhali kitabu kilizungumzia zana za gumegume. Waliomwona walimcheka. Alivipeleka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makavazi ya Nairobi wakati huo, naye akamthibitishia kwamba baadhi yavyo vilikuwa zana za kale kwelikweli. Tangu siku hiyo mchezo wa kuokota mawe uligeuka kuwa kazi, ingawa haukuacha kuwa mchezo.

Uzi wa Cambridge

Mwaka 1922 Leakey alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata aliumia kichwa katika mchezo wa raga, akashauriwa kupumzika masomo. Badala ya kukaa kitandani, mwaka 1924 alisafiri hadi Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, katika msafara wa kutafuta mifupa ya dinosaria. Aliporudi Cambridge alisoma akiolojia na anthropolojia, akahitimu mwaka 1926.

Miongoni mwa walimu wake alikuwa A. C. Haddon, mwanaanthropolojia aliyevutiwa sana na mchezo wa uzi. Huu ni ule mchezo ambao mtu hufunga ncha mbili za uzi zikawa duara, akauzungusha vidoleni na kuunda maumbo: nyota, nyavu, nyumba, mnyama akimbiaye. Mchezo huu unapatikana karibu kote duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Haddon aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mgeni aingiaye kijijini na uzi mkononi hupata marafiki upesi kuliko yule aingiaye na maswali. Watoto humkaribia kwanza, kisha wazazi wao, na punde si punde mgeni ndiye anayefundishwa.

Leakey aliushika mchezo huo asiuache tena. Alisafiri na uzi mfukoni. Alipofika pale ambapo hakujua lugha ya wenyeji, vidole vyake vilianza mazungumzo. Alipofanya utafiti kaskazini-mashariki mwa Angola baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikwenda kwa shughuli za jiolojia na mambo ya kale, lakini yeye na mkewe Mary walirudi na mkusanyiko wa maumbo ya uzi ya wenyeji, ambao ulichapishwa mwaka 1949. Kwa hiyo jambo lililoanza kama burudani lilizaa maandishi ya kitaaluma, na msomi aliyekuwa akielekea umri wa miaka hamsini hakuona haya kuketi chini akafundishwa mchezo na watoto.

Olorgesailie, 1942

Leakey alimwoa Mary Nicol mwaka 1936. Wakati wa vita alikuwa akifanya kazi za serikali jijini Nairobi pamoja na kuyasimamia makavazi ya Coryndon. Utafiti ulibaki kuwa shughuli ya siku za mapumziko. Hivyo ndivyo Olorgesailie ilivyopatikana. Mwanajiolojia J. W. Gregory alikuwa amekwisha kuona zana za mawe katika eneo hilo mwaka 1919, lakini mahali penyewe hapakuwa pamebainishwa sawasawa. Wakati wa likizo ya Pasaka ya mwaka 1942, Louis na Mary waliteremka Kajiado wakaanza kuikagua ardhi, kila mmoja akifuata mstari wake. Haukupita muda mrefu wakawa wanaitana kwa sauti, kila mmoja akimtaka mwenzake aje aone alichopata. Mary alikuwa amesimama mbele ya uwanja uliojaa mashoka ya mkono, mengi yakiwa yamelala pale mmomonyoko wa udongo ulipoyafichua.

Uamuzi uliofuata ulikuwa wa busara. Badala ya kuyazoa mashoka yote na kuyafungia makavazini, waliamua kwamba sehemu kubwa ibaki chini kama ilivyokutwa. Njia ya mbao iliyoinuliwa ilijengwa juu yake ili mgeni atembee akitazama bila kukanyaga. Kazi ya kuchimba ilifanywa pia na wafungwa wa kivita wa Kiitalia. Mwaka 1947 wajumbe wa kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, lililofanyika Nairobi, walipelekwa kupaona mahali hapo.

Pamoja na mashoka, palikuwa na mawe ya mviringo. Leakey alipendekeza kwamba mawe hayo yalifungwa kamba, yakarushwa miguuni mwa wanyama ili kuwanasa, kama walivyofanya wawindaji wa Amerika ya Kusini. Kamba huoza, jiwe hubaki. Haishangazi kwamba mtu aliyecheza na uzi maisha yake yote aliweza kuiona kamba pale ambapo haikuwepo tena. Wataalamu waliomfuata hawakulikubali wazo hilo kwa urahisi, na wengi wao huyaeleza mawe hayo kuwa ya kugongea. Hata hivyo, swali alilouliza liliwafanya wayachunguze.

Hali kadhalika, Leakey hakuridhika kuzitazama zana za kale. Alijifunza kuzichonga mwenyewe kwa kugonganisha mawe, akawa hodari. Mara kwa mara aliwachongea watazamaji zana kwa dakika chache, kisha akaitumia kumchuna swala mbele yao. Watazamaji walifurahia kama watu walio kwenye kiinimacho, lakini waliondoka wakijua kwamba ukali wa jiwe si hadithi.

Umri wa Kustaafu

Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai nchini Tanganyika, Leakey alikuwa amelala kambini akiugua homa Mary alipoliona fuvu lililowapa umaarufu duniani. Leakey aliliita Zinjanthropus, akilitwaa jina la kale la Zinji ambalo Waarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Alikuwa anakaribia miaka 56, umri ambao wafanyakazi wengi wa serikali walikuwa tayari wameanza kustaafu. Mwaka 1961 aliacha usimamizi wa makavazi. Mwaka uliofuata alianzisha kituo cha utafiti wa historia ya kale na visukuku jijini Nairobi.

Nyumbani kwake Lang'ata palikuwa na mbwa wa madoadoa ambao yeye na Mary waliwafuga, pamoja na wanyama wengine wa aina kwa aina. Swali lililomshika zaidi wakati huo lilihusu nyani wakubwa: je, tabia zao zingeweza kutueleza lolote kuhusu wahenga wa binadamu? Kwa kuwa hakuweza tena kutembea milimani, aliwatafuta vijana wa kutembea badala yake. Mwaka 1960 Jane Goodall, aliyekuwa hana shahada yoyote, alianza kuwachunguza sokwe huko Gombe. Dian Fossey alifuata kwa masokwe wa milimani mwaka 1967, naye Birutė Galdikas akaenda Borneo mwaka 1971. Hata katika kuwateua alitumia mchezo. Galdikas alipewa karata zilizofudikizwa, akaulizwa zipi nyekundu na zipi nyeusi. Hakujua rangi, lakini aligundua kwamba baadhi zilikuwa zimekunjwa kidogo. Hilo ndilo jibu ambalo Leakey alikuwa akilitafuta, yaani jicho linaloona kabla ya kuambiwa.

Mchezo Uliokosa Kufumuliwa

Maisha haya hayapaswi kusimuliwa kwa sifa tupu. Leakey aliyekua katika rika la Wakikuyu ndiye aliyekuwa mkalimani katika kesi ya Kapenguria mwaka 1952, Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa, hadi mawakili wa utetezi walipompinga naye akajiondoa. Katika miaka hiyohiyo aliandika dhidi ya Mau Mau. Kuijua lugha ya watu na kucheza na watoto wao hakukumfanya asimame upande wao siku ya haki. Huo ndio mpaka wa mchezo wa uzi: hufungua mlango, lakini hauamui mtu atafanya nini akishaingia.

Doa la pili lilikuwa la kitaaluma. Kuanzia mwaka 1964 Leakey aliunga mkono uchimbaji katika vilima vya Calico, jimbo la California, akiamini kwamba mawe yaliyopatikana huko yalichongwa na watu wa kale mno kuliko ilivyodhaniwa kuhusu bara la Amerika. Mary hakukubaliana naye. Mwaka 1970 wataalamu walikutana huko, na wengi wao hawakushawishika. Waliona kwamba mawe hayo yangeweza kuwa yamevunjwa na maji na mporomoko wa udongo. Leakey hakurudi nyuma. Suala hilo lilimharibia heshima miongoni mwa wanataaluma, likaupanua ufa uliokuwapo kati yake na mkewe, ambaye miaka hiyo aliishi zaidi Olduvai.

Mtu anaweza kusema kwamba alidanganywa na udadisi. Lakini pengine ni sahihi zaidi kusema kwamba hapo aliacha kucheza. Umbo la uzi, hata liwe zuri vipi, hufumuka kwa mvuto mmoja, na mchezaji huanza upya bila kinyongo. Huko Calico Leakey alilishika umbo lake asikubali lifumuke. Asiyekubali kushindwa hachezi tena.

Mwisho wa Safari

Mwili ulikuwa umechoka. Nyonga zilimsumbua kiasi cha kumlazimu kutembea kwa fimbo na kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1970 alipata mshtuko wa moyo, na mwaka 1971 alishambuliwa na nyuki waliomdunga mamia ya miiba. Hata hivyo aliendelea kusafiri, kuhadhiri na kuwatafutia watafiti wake fedha. Tarehe 1 Oktoba 1972 alifariki London akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Hitimisho

Olorgesailie imeendelea kuuliza maswali baada yake. Mwaka 2003 vipande vya fuvu vya umri wa takribani miaka 900,000 vilipatikana huko. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba watu walioishi katika eneo hilo zaidi ya miaka 300,000 iliyopita walitumia rangi na kuleta kioo cha volkano kutoka mbali. Ni jiwe lilelile ambalo mtoto wa Kabete alichekwa kwa kuliokota.

Funzo la maisha ya Leakey kwa anayeingia uzeeni haliko katika mafuvu, kwa maana si kila mtu atapata fuvu. Liko katika uraibu mdogo usio na gharama, unaomweka mzee mbele ya mwalimu mpya kila siku, hata mwalimu huyo awe mtoto wa miaka saba. Sharti lake ni moja, nalo wazee wa enkeshui wanalijua: kete zikiisha, mchezaji huinuka, hucheka, kisha huzipanga tena.