Neville Chamberlain na kuanguka kwa Guangzhou

Oktoba 21 mwaka 1938 majeshi ya Japan yaliingia Guangzhou, bandari kubwa ya kusini mwa China ambayo Waingereza waliiita Canton. Zilikuwa zimepita wiki tatu tu tangu Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, arejee London kutoka Munich akipeperusha karatasi yenye saini ya Adolf Hitler.

Maisha ya Chamberlain husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha Ulaya peke yake. Gharama ya siasa yake, hata hivyo, ililipwa pia mbali na huko.

Alizaliwa Birmingham Machi 18 mwaka 1869. Akiwa kijana alitumwa na baba yake, Joseph, kulima mkonge Bahamas, miaka ile ile zao hilo lilipokuwa likianza kuota mizizi Tanga. Tanga lilistawi, shamba la Chamberlain lilikufa baada ya miaka sita, likala fedha nyingi za familia.

Alirudi nyumbani akafanya biashara, akawa meya, na mwaka 1918 akaingia bungeni. Alipokuwa waziri wa afya alisifika kwa uchapakazi. Hakuwa mjinga. Vita Vikuu vya Kwanza vilimwulia binamu aliyempenda mno, na tangu hapo alivichukia vita kwa dhati.

Akawa Waziri Mkuu Mei 28 mwaka 1937. Haikutimia miezi miwili, Japan ikaivamia China. Silaha nyingi za kuisaidia China zilipitia Hong Kong, zikapandishwa reli ya Guangzhou kuelekea Wuhan. Kwa hiyo ndege za Japan ziliushambulia mji huo kwa mabomu, na raia wengi wakauawa. London ililalamika, ikaishia hapo. Chamberlain aliamini kuwa jeshi lake la majini lisingeweza kupambana na Ujerumani, Italia na Japan kwa wakati mmoja, na makamanda wake walikubaliana naye.

Oktoba 12 mwaka 1938 Wajapani walitia nanga Ghuba ya Bias, karibu kabisa na Hong Kong. Siku tisa baadaye Waingereza waliokaa katika kisiwa kidogo cha Shamian, ndani ya Guangzhou, waliushuhudia mji ukitekwa.

Afrika nayo iliwekwa mezani. Machi mwaka huo, kupitia balozi wake Berlin, Chamberlain alimdokezea Hitler kwamba Ujerumani ingeweza kupewa sehemu katika mpango mpya wa makoloni ya Afrika. Wenyeji hawakuulizwa. Hitler hakujali. Novemba, Uingereza ilimtambua rasmi mfalme wa Italia kuwa mtawala wa Ethiopia, ilhali Haile Selassie alikuwa akiishi Bath, Uingereza. Aliyewahi kukaa uhamishoni anaujua uzito wa habari kama hiyo.

Machi mwaka 1939 Hitler aliingia Prague, na Septemba 3 Chamberlain akalazimika kutangaza vita. Alijiuzulu Mei 10 mwaka 1940, akafariki kwa saratani Novemba 9.

Desemba 8 mwaka 1941 vikosi vya Japan vilitoka katika jimbo la Guangdong, ambalo Guangzhou ni makao yake makuu, vikavuka mpaka na kuishambulia Hong Kong. Siku ya Krismasi gavana wa Uingereza alisalimu amri.