Lechaptois: Askofu wa Karema aliyeandika habari za Wafipa na majirani zao

Ukitaja Karema siku hizi, watu wa Mpanda wanawaza bandari mpya ya Ziwa Tanganyika. Lakini hapo hapo Karema, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, aliishi mtu aliyeandika moja ya vitabu vya mwanzo kuhusu watu na ardhi ya huku kwetu. Ni Askofu Adolphe Lechaptois.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1852, akajiunga na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Mwaka 1889 aliongoza kundi lao la kwanza hadi Mponda, kusini mwa Ziwa Nyasa. Hawakudumu huko. Mwaka 1891 akateuliwa kuwa askofu wa Tanganyika.

Karema ilianza kama ngome. Wabelgiji waliijenga mwaka 1879, wakawaachia mapadri mwaka 1885. Wakati huo ziwa lilikuwa linashuka, kwa sababu mwaka 1878 Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua njia yake. Maji yakazidi kusogea mbali na ngome.

Lechaptois alikaa kwenye uaskofu miaka 26. Alifanya kazi pamoja na tabibu Adrian Atiman, aliyewahi kuwa mtumwa kabla ya kusomea uganga Malta. Mwaka 1907 alianzisha shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambalo lipo hadi leo.

Mwaka 1913 kikatoka kitabu chake, Aux rives du Tanganika, yaani Kando ya Tanganyika. Humo ameeleza falme mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile, pamoja na mila, maisha na imani za watu. Mambo hayo yalikuwa vichwani mwa wazee tu. Nusu karne baadaye, mtafiti Mwingereza Roy Willis alipoichunguza jamii ya Wafipa, alikitumia kitabu hicho.

Kina kasoro zake. Lechaptois aliandika kama mmisionari, na dini ya wenyeji ndiyo aliyokuja kuibadilisha. Hivyo ukikisoma lazima uchuje. Tena ajabu ni kwamba mkoa wenyewe, uliozaliwa mwaka 2012, unabeba jina la Katabi, pepo wa Wabende anayesadikiwa kukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Imani aliyotaka iishe sasa iko kwenye ramani ya nchi.

Kasoro nyingine ni lugha. Kitabu kiliandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa Algiers. Wazee walisimulia kwa lugha zao, lakini wajukuu wao leo wanahitaji mkalimani ili wajue babu zao walisema nini.

Lechaptois alifariki Karema mwaka 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea. Wazee aliowasikiliza nao hawapo. Wa leo bado wapo, na simu ya mkononi inaweza kurekodi kwa Kifipa, Kibende au Kiswahili bila kumsubiri mgeni aje kuandika.