Sewa Haji: Muuza Duka Ambaye Wengi Wetu Tumelala Wodini Kwake

Wengi wetu tulilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kwenye simu. Mgonjwa kapewa rufaa kutoka Singida, kafika Muhimbili, na ndugu aliyemsindikiza anatuelekeza tumtafute wapi: yuko Sewahaji. Tunabeba chupa ya uji na kupanda daladala, tunafika, tunamwona mgonjwa wetu, tunarudi nyumbani. Ni wachache waliowahi kujiuliza Sewahaji ni nini. Katika toleo hili la harambee tumeona tuwasimulie, kwa kuwa Sewa Haji alikuwa mtu, tena mtu wa dukani, na biashara yake iligusa nchi yetu kabla hata babu zetu hawajazaliwa.

Alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Wahindi Waismailia wenye asili ya Kutch. Baba yake alikuwa na duka Zanzibar, na biashara hiyo ikavuka bahari hadi Bagamoyo, mahali misafara ya kwenda bara ilipoanzia. Hapo ndipo Sewa alipokulia kikazi.

Wenzetu wa Manyoni, Kilimatinde na Itigi wataelewa upesi duka la namna hiyo lilikuwa na kazi gani. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulipita Ugogo, ukapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha ukaingia pori lisilo na maji ambalo Wanyamwezi waliliita Mgunda Mkali. Vichaka vyake tunavijua, ndivyo vya kule kwetu. Asiyenunua mtama au uwele wa kutosha kabla ya kuingia pori lile alihatarisha maisha ya wapagazi wake. Na mtama ulinunuliwa kwa nini? Si kwa sarafu. Ulinunuliwa kwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na kwa vitu hivyohivyo ndivyo watemi wa Ugogo walivyolipwa hongo. Mali hiyo ilitoka katika maduka ya pwani kama la Sewa Haji, ikabebwa mabegani, kila mpagazi na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Hivyo chakula cha safari kilianzia kaunta ya Bagamoyo, ingawa kilipikwa Ugogo.

Yeye pia ndiye aliyekuwa akiwatafutia wasafiri wapagazi wenyewe. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Bagamoyo akijiandaa kumtafuta Livingstone, alipatiwa wapagazi na kijana wa Kihindi wa miaka kama 20, na katika kitabu chake akamlalamikia sana kwa ujanja wa bei na hesabu. Wanahistoria wanamtambua kijana huyo kuwa ndiye Sewa Haji. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hili. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kuvuta bei, na utajiri wake ulitokana pia na pembe za ndovu, biashara iliyowatesa wengi. Tunayemkumbuka hapa si malaika.

Lakini tutazame alivyozitumia fedha alizopata. Katika miaka ya 1890, Wajerumani wakiwa wameshika nchi, aliwapa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule, akaweka sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Kwa wakati ule sharti hilo halikuwa dogo. Kisha akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Hospitali ya Sewa Haji ilifunguliwa mwaka 1897, ikawa ya Waafrika na Waasia, huku Wazungu wakijengewa yao pale Ocean Road. Mwaka huohuo wa 1897 Sewa Haji akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Katika wosia wake aliacha mali ili mapato yake yawatunze wagonjwa maskini na wenye ukoma.

Biashara yake ya misafara iliendelezwa na Allidina Visram, aliyeanzia kazi kwake na baadaye akafungua maduka mengi hadi Uganda. Hiyo ni habari ndefu, tunaiacha. Hospitali nayo ilihudumia watu kwa karibu miaka 60, mpaka mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la yule muuza duka likabaki kwenye jengo la wodi, na ndiko tunakopeleka uji.

Wanachama mnakumbuka ubishi wa mkutano wetu uliopita kuhusu nyumba ya kusubiria akina mama wajawazito tunayoijenga nyumbani. Wapo waliosema vitanda wapewe kwanza wake na mabinti wa waliochanga, na kwamba wanaotoka kata jirani wasubiri. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa fedha ni za jasho. Kamati iliahidi kuleta pendekezo. Pendekezo letu ni kwamba sharti la Bagamoyo liandikwe kwenye hati ya jengo letu: mama yeyote atakayefika apokelewe, bila kuulizwa ametoka kijiji gani wala nani wa kwao alichanga. Tutalipigia kura siku ya harambee, kabla ya chakula.

Bahasha ya mchango imebanwa katikati ya kijitabu hiki. Kuta zimefika kwenye linta. Kilichobaki ni mbao, bati na tangi la maji.