Pandita Ramabai na Msalaba Wenye Maneno ya Kilatini

Ramabai alizaliwa nchini India mwaka 1858, katika tabaka la Wabrahmini, yaani makuhani na wasomi wa Kihindu. Baba yake alikuwa amewaudhi wengi kwa kumfundisha mkewe Kisanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu; mama naye akamfundisha binti yao. Familia ilitembea kwa miguu kutoka hekalu hadi hekalu, ikisoma vitabu hivyo mbele ya mahujaji na kuishi kwa sadaka zao. Kisha njaa ikaja. Walifunga, wakaoga katika mito mitakatifu, wakawapa makuhani mali waliyobaki nayo. Baba akafa, kisha mama, kisha dada. Ramabai na kaka yake waliendelea kutembea, na imani yao katika miungu ya wazazi ikapotea njiani.

Mwaka 1878 wasomi wa Calcutta, wakistaajabia elimu yake, walimpa cheo cha Pandita. Aliolewa na wakili wa tabaka la chini, lakini mwaka 1882 akawa mjane mwenye mtoto mchanga. Katika jamii yake mjane alihesabiwa kuwa mkosi.

Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza kusoma, akapokelewa na watawa wa Kianglikana huko Wantage. Alipoona jinsi walivyowahudumia wanawake waliotupwa na jamii, na kusoma habari za Yesu na mwanamke Msamaria (Yohana 4), moyo wake uliguswa. Alibatizwa mwaka huo huo wa 1883.

Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Ramabai hakula nyama wala mayai, akaendelea hivyo hata mezani pa watawa, ambako wengine waliona ni mabaki ya Uhindu. Alipotakiwa kuvaa msalaba wenye maneno ya Kilatini, aliuliza kwa nini yasiwe ya Kisanskriti, lugha ya watu wake. Mlezi wake wa kiroho aliona humo kiburi. Lakini swali hilo lilikuwa la zamani kuliko Wantage: mitume walilijadili Yerusalemu (Matendo 15), walipoulizwa kama mtu wa Mataifa lazima awe Myahudi kwanza ndipo awe wa Kristo.

Aliporudi India alifungua shule ya wajane mwaka 1889, akiahidi kutomlazimisha yeyote kubadili dini. Miaka michache tu baadaye alitambua kwamba alikuwa ameipata dini ya Kikristo bila kumpata Kristo mwenyewe, akajikabidhi Kwake upya. Hakumlazimisha msichana yeyote, ila hakufunga mlango wa chumba chake alipokuwa akiomba. Baadhi ya wasichana waliingia wenyewe. Mwaka 1893 habari zilienea, washauri wa Kihindu wakajiuzulu na wazazi wengi wakawaondoa binti zao. Kufunga mlango kungeiokoa shule na hasara hiyo. Hakuufunga.

Njaa iliporudi mwaka 1896, yeye aliyejua njaa ni nini alikwenda kuwakusanya wasichana walioachwa, akawaleta Kedgaon, mahali alipopaita Mukti, yaani wokovu.

Huko, kwa miaka mingi, alitafsiri Biblia kutoka Kiebrania na Kiyunani kwa Kimarathi chepesi, ambacho mwanamke wa kijijini angekielewa. Wanawake wa Mukti ndio waliopanga herufi na kuendesha mashine ya uchapaji. Binti yake Manorama alifariki mwaka 1921, naye akaendelea na kazi. Alipofariki tarehe 5 Aprili 1922, tafsiri ilikuwa imekamilika.