Roy Orbison

Roy Kelton Orbison (23 Aprili 1936 – 6 Desemba 1988) alikuwa mwimbaji, mtunzi wa nyimbo na mpiga gitaa wa pop na rock kutoka Marekani. Alijulikana kwa sauti iliyoweza kupanda juu sana, mavazi meusi na miwani myeusi. Baada ya kupoteza umaarufu kwa karibu miaka ishirini, alirudi kileleni mwishoni mwa maisha yake. Tamasha alilolirekodi mwaka 1987 lilichangia sana kurudi huko.

Maisha ya awali na umaarufu

Orbison alizaliwa Vernon, Texas, na kukulia Wink, mji mdogo wa wafanyakazi wa visima vya mafuta. Alipewa gitaa akiwa na umri wa miaka sita. Mwaka 1956 alirekodi "Ooby Dooby" kwa kampuni ya Sun Records mjini Memphis, lakini umaarufu wake mkubwa ulianza mwaka 1960 alipotoa "Only the Lonely". Zilifuata "Crying" (1961), "In Dreams" (1963) na "Oh, Pretty Woman" (1964), ambayo ilishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza.

Misiba

Mwaka 1966 mke wake, Claudette, alifariki katika ajali ya pikipiki. Mwaka 1968, Orbison akiwa ziarani Uingereza, nyumba yake iliungua na watoto wake wawili wakafariki. Mwaka 1969 alioa tena. Aliendelea kuimba jukwaani, lakini nyimbo zake mpya hazikuuzika kama zamani, na mwaka 1978 alifanyiwa upasuaji wa moyo.

A Black and White Night

Mwaka 1986 "In Dreams" ilitumika katika filamu ya Blue Velvet, na kizazi kipya kikaanza kumsikiliza. Mwaka uliofuata aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Tarehe 30 Septemba 1987 alifanya tamasha katika ukumbi wa Cocoanut Grove, mjini Los Angeles. Lilipigwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, na ndiyo asili ya jina lake. Bruce Springsteen, Elvis Costello na Tom Waits, ambao tayari walikuwa na majina makubwa, walikubali kuwa wapigaji wake wa nyuma. Bonnie Raitt, k.d. lang na Jennifer Warnes walikuwa miongoni mwa waitikiaji. Pia walikuwepo wanamuziki waliowahi kupiga na Elvis Presley. Orbison alisimama karibu bila kusogea, akaimba nyimbo zake za zamani kwa sauti ambayo haikuwa imechakaa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1988 alijiunga na George Harrison, Bob Dylan, Tom Petty na Jeff Lynne katika kundi la Traveling Wilburys. Alikamilisha pia albamu ya Mystery Girl, yenye wimbo "You Got It", lakini hakuiona ikitoka. Alifariki kwa mshtuko wa moyo huko Hendersonville, Tennessee, akiwa na umri wa miaka 52.

Mystery Girl ilitoka mwanzoni mwa 1989, na albamu ya tamasha ikafuata mwaka huohuo. Mwaka 1991 "Oh, Pretty Woman" kama ilivyoimbwa katika tamasha hilo ilishinda Tuzo ya Grammy.