Maisha ya George Lansbury wa Poplar

Wanachama na wazee wetu, wanaojua taabu ya kumdai ada mtu asiye na kitu, watapenda kusikia habari za George Lansbury, Mwingereza aliyekubali kufungwa pamoja na madiwani wenzake kwa ajili ya kodi ya maskini.

Alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Suffolk. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1884 alihamia Australia na mkewe Bessie na watoto wao, maana sifa za nchi ile zilikuwa zimetangazwa sana. Walikuta dhiki, wakarudi mwaka uliofuata, naye akashika kazi katika kiwanda cha mbao cha mkwewe, mashariki ya London.

Cheo chake cha kwanza kilikuwa kidogo. Mwaka 1893 alichaguliwa katika baraza la kuangalia maskini wa Poplar, mtaa wa wachukuzi wa bandarini. Nyumba ya maskini ilikuwa kama gereza. Yeye na wenzake wakatengeneza chakula na kuondoa sare za aibu. Mwaka 1910 akaingia Bungeni, na mwaka 1912 akakiacha kiti kwa hiari yake ili aombe kura upya kwa jambo moja tu, haki ya wanawake kupiga kura. Akashindwa, asirudi Bungeni hata mwaka 1922.

Mwaka 1919 chama cha Labour kilishinda Poplar, naye akawa Meya. Siku hizo kila mtaa wa London ulilisha maskini wake kwa kodi ya majengo yake. Mitaa ya matajiri ilikuwa na maskini wachache na majumba ya thamani, basi kodi yao ikawa nyepesi. Poplar ilikuwa na maskini tele na vijumba duni. Hivyo mnyonge alitozwa kwa kiwango kizito kuliko tajiri. Juu ya hayo, Poplar ilidaiwa fedha za baraza kuu la London, za polisi, za maji na za hospitali. Mwaka 1921 madiwani walikataa kuzitoza. Mahakama iliamuru, wakakataa tena. 30 wakafungwa, wanaume Brixton na wanawake Holloway, Lansbury akiwa na umri wa miaka 62. Baraza halikuvunjika: lilikutana gerezani, na wanawake waliletwa kwa motokaa. Baada ya majuma sita hivi walifunguliwa, na mwaka huohuo sheria ikaagiza mitaa ya London isaidiane kubeba mzigo wa maskini. Mkwewe Minnie, aliyekuwa miongoni mwa wafungwa, alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1922, naye hajatimiza miaka 33.

Mwaka 1929 Lansbury akawa Waziri wa majengo na bustani za Serikali, akawafungulia watu wote mahali pa kuogelea katika Hyde Park. Toka 1932 hadi 1935 aliongoza chama chake. Alijiuzulu kwa kuwa alichukia vita vya kila namna, na chama kilitaka Italia izuiwe isiishambulie Ethiopia. Katika neno hili mwandishi hawezi kukubaliana naye. Alifariki tarehe 7 Mei, 1940, angali Mbunge wa watu walewale wa mashariki ya London.